Muda Upoteao Kati ya Meza na Meza

Ni sadfa ya kuchekesha kwamba neno muda, ambalo kwa Mswahili ni kipindi cha wakati, kwa Mjapani lina maana ya ubadhirifu, yaani jitihada isiyozaa faida. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota aliyefariki mwaka 1990, aliuainisha ubadhirifu huo katika mafungu 7, yakiwemo kungoja, kuzalisha kupita kiasi na kurudia kazi iliyoharibika. Katika ofisi nyingi za umma nchini Kenya, vyuo vikuu vikiwemo, maana hizo mbili zimeungana zikawa moja.

Ichukuliwe kadhia ya mwanafunzi ambaye alama zake za somo moja hazionekani kwenye rekodi. Hujaza fomu, nayo ikapitia kwa mhadhiri, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, karani wa mitihani na msajili. Kila mmoja akitumia dakika 2 kusoma na kutia sahihi, kazi yote ni ya dakika 10. Hata hivyo, si ajabu fomu hiyo kumaliza majuma 3 njiani, na jina la mwenyewe likakosekana katika orodha ya mahafali. Aulizwapo mhusika, aghalabu husingizia uhaba wa wafanyakazi. Jibu hilo lina walakini: karani wa pili hawezi kuiharakisha fomu iliyolala mezani pa mtu aliyesafiri.

Kinachohitajika ni ramani ya mkondo wa kazi. Mike Rother na John Shook, walioieneza mbinu hii ya Toyota mwishoni mwa miaka ya 1990, walisisitiza penseli na karatasi tu (wala si mshauri wa kulipwa mamilioni). Mchoraji huanzia mwisho, pale huduma inapopokewa, akarudi nyuma kwa miguu, kituo baada ya kituo, akihesabu. Kila hatua ya kazi huchorewa kisanduku na kila rundo lingojalo huchorewa pembetatu. Chini hupita mstari wa vidato, dakika za kazi upande mmoja na siku za kungoja upande wa pili. Hapo ndipo aibu hujitokeza, maana pembetatu huwa zimevimeza visanduku.

Wapo wanaohofia kwamba ramani hiyo ni shoka la kufutia watu kazi. Hofu hiyo ina mashiko iwapo wakuu wataichora faraghani. Tarishi, ajuaye kila faili hulala wapi, sharti awe miongoni mwa wachoraji. Wengine watajikinga kwa methali ya haraka haraka haina baraka, ilhali methali hiyo hukanya pupa, haihalalishi faili kulala.

Vituo vya Huduma, vilivyoanzishwa mwaka 2013, vilizikusanya huduma nyingi chini ya paa moja. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini kusogeza meza pamoja bila kupunguza sahihi ni kufupisha safari tu. Ikiwa mkuu wa kitivo hutia sahihi kwa sababu mkuu wa idara ameshatia, sahihi hiyo haimlindi yeyote. Ifutwe.