Utafiti wa ubongo ufike Nyololo

Utafiti wa magonjwa yanayopoteza kumbukumbu ufike Nyololo, mkoani Iringa, na vijiji vingine vya Nyanda za Juu Kusini, usiishie Kilimanjaro.

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, imeshaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6 vya wilaya hiyo, na dimensia, ugonjwa unaofifisha kumbukumbu, ikakutwa kwa takriban 6 katika kila 100. Baadaye kikabuniwa kipimo kinachomfaa hata asiyejua kusoma: mzee hutajiwa maneno ayakumbuke, kisha hupewa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Hapo gharama si kisingizio.

Vijijini, bibi akipotea njia ya shambani aliyoizoea, wengi husema ni uzee tu. Wengine, kwa ukatili, husema ni uchawi. Tuhuma hiyo imewaua wazee wengi nchini.

Yapo pia maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia ubongo wenyewe. Mojawapo, lililobainishwa mwaka 2007, huwapata zaidi wasichana, huleta kuchanganyikiwa na degedege, na mara nyingi hutibika likigunduliwa mapema. Asiyepimwa ataishia kwa mganga. Na Iringa imo katika mikoa inayoongoza kwa VVU, virusi ambavyo navyo huathiri kumbukumbu.

Wanaopanga fedha za utafiti wa afya watenge fungu la Nyanda za Juu Kusini, wawafundishe wahudumu wa zahanati kipimo hicho cha njiti, na waweke utaratibu wa kupeleka sampuli za wanaoshukiwa kuwa na maradhi hayo ya kinga ya mwili kwenye maabara zenye uwezo. Waanze na bajeti ijayo.