TWENDE NZAUI KWA MIGUU

Kila mara safari ya chama chetu inapojadiliwa, jina linalotajwa ni lile lile: Mombasa. Eti tukaone Ngome ya Yesu, tukaoge baharini, tukapige picha na ngamia. Mimi sina ugomvi na Mombasa. Anayekipenda Kiswahili ana haki ya kutamani kufika huko. Lakini hebu tuambiane ukweli. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Wengi wetu tunatoka katika nyumba ambazo karo yenyewe hulipwa kwa ndengu na mbuzi, tena kidogo kidogo. Nauli, malazi na chakula cha siku tatu pwani ni fedha ambazo mzazi hazipati bila kuuza kitu. Mwaka jana zaidi ya nusu ya darasa letu tulibaki, na waliokwenda wakatusimulia wiki mbili nzima mpaka masikio yakachoka. Safari ya chama ikiwa ya wenye nacho tu, hicho ni chama gani?

Pendekezo langu ni hili. Likizo ya Agosti, twende Nzaui siku mbili, mizigo yetu mgongoni. Matatu itatufikisha Matiliku, na kutoka hapo ni miguu. Kilima kile tunakiona tangu utotoni. Wazee husimulia kwamba watu wa kwanza wa Ukambani walishushwa na Mulungu kwenye mwamba wa Nzaui, na kwamba nyayo zao zingali pale. Je, ni wangapi kati yetu waliokwenda kuziona? Tunaijua Ngome ya Yesu kwa picha za vitabuni, ilhali mwamba ulio karibu nasi hatuujui hata kwa picha!

Nilipolitaja jambo hili darasani nilichekwa. Mmoja akasema, "Huko ni kupe na siafu tu." Naam, wadudu wapo, siwezi kudanganya. Njia ya msituni ni kimya, miti imefungamana, na mahali penye kivuli na nyasi ndefu kupe hungoja mguu upite. Lakini kupe ana dawa yake, nayo haiuzwi dukani. Vaa suruali ndefu, ingiza ncha zake ndani ya soksi, chagua nguo ya rangi nyeupe au ya maziwa ili umwone anapopanda. Jioni kila mtu ajikague kwapani, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio. Ukimkuta ameshika, mshike karibu na ngozi kwa kikoleo kidogo, umvute polepole, moja kwa moja. Mambo ya kumpaka mafuta ya taa au kumchoma kwa kijiti cha kibiriti tuyaache. Siafu nao usilale katika njia yao, basi. Mbu watakuja magharibi, kwa hivyo chandarua na mikono mirefu.

Tena nawauliza hao wanaoogopa wadudu: mnajua mnaishi wapi? Miaka ya 1940 sehemu kubwa ya Makueni hii ilikuwa pori lililotawaliwa na mbung'o. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka ili watu kutoka milima iliyojaa ya Machakos wapate pa kukaa. Babu na bibi za wengi wetu waliingia humu na mapanga wakati huo. Leo mjukuu wao anaogopa kupe!

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo safari huharibika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtu anayepanda kilima juani anahitaji lita tatu au nne kwa siku, nasi hatuwezi kutegemea kijito cha Agosti. Kwa hivyo maji peke yake ni kilo nne asubuhi, na ya siku ya pili tuyapate kijijini chini ya kilima kabla ya kupanda. Mtasema ni mazito. Lakini jamani, sisi tumebeba madumu ya lita ishirini kutoka mtoni tangu shule ya msingi! Mama zetu hubeba kyondo kwa mkanda wa paji la uso, mtoto kifuani, na bado wanasalimia watu njiani. Wakamba wa karne ya 19 walitembea na pembe za ndovu mpaka pwani. Krapf alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 alikuwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba ambaye misafara yake ilijulikana mbali. Begi la shule la mtumba lenye blanketi moja, sweta, tochi, chumvi na chakula halitatushinda.

Chakula kiwe kisichohitaji moto. Muthokoi ni mtamu, nakubali, lakini hupikwa kwa saa nyingi, na Agosti nyasi ni kavu. Kijinga kimoja cha moto kikiruka, tumekwisha, sisi na msitu. Tubebe viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani, njugu, mayai, na maembe makavu. Kama ni chai, ipikwe kijijini tu.

Kuna jambo ambalo wenzangu wa kiume hawalifikirii. Msichana akisema nyumbani kwamba anakwenda kulala msituni, mazungumzo yameisha hapo hapo. Mimi ni msichana, najua jibu la baba kabla sijafungua mdomo. Ndiyo sababu nasema tusilale msituni. Tuombe darasa la shule iliyo chini ya kilima, wasichana chumba chao, wavulana chao, na mwalimu wa kike awepo, pamoja na mzazi mmoja ambaye wazazi wengine wanamwamini. Tulale hapo usiku mmoja, tupande alfajiri kabla ya jua kuwaka, tushuke mapema tuwahi matatu. Ruhusa ya kuingia msituni tuiombe mapema kwa wanaousimamia msitu, na tumwajiri mwenyeji anayezijua njia. Barua ya mzazi ionyeshe yote haya, saa kwa saa, pamoja na jina la mwalimu. Baba yangu hakatai safari, anakataa kutojua.

Kuna watakaosema kwamba chama cha Kiswahili hakihusiki na milima. Hawa nawaomba waniambie kwa Kiswahili jina la mti mmoja tu ulio nyuma ya choo cha shule yetu. Wengi tutasema "mti". Twende na daftari, mwenyeji atutajie kwa Kikamba, nasi tutafute Kiswahili chake kamusini tukirudi. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

Katika mkutano wa kwanza wa mwaka ujao nitaleta hesabu yangu: nauli ya matatu, ada ya msitu, malipo ya mwenyeji, basi. Anayetaka Mombasa alete yake. Tuziweke mezani zote mbili, tusome majina ya wanachama wote mmoja mmoja, na kila jina tuulize: huyu ataenda au atabaki?