Tulilala Chini, na Hatukuwa Wajinga

Leo naandika na hasira kidogo, mnisamehe.

Usiku ule mwanga ulipopita juu ya kambi, mkali mpaka majogoo wakawika, mama hakuuliza kitu. Alitusukuma chini ya kitanda akatulalia juu. Kwetu Kivu mwanga wa hivyo hauji bila kishindo. Kesho yake kwenye foleni ya mgao, mfanyakazi mmoja akacheka: "Ni kimondo tu! Nyinyi wakimbizi mnaogopa mpaka nyota?"

"Tu"? Ngoja tuongee.

Tarehe 15 Februari 2013, kimondo cha upana wa kama mita 20 kilipasuka juu ya mkoa wa Chelyabinsk, Urusi. Watu waliona mwanga wakakimbilia madirishani kutazama. Lakini mwanga unafika papo hapo, kishindo kinakuja nyuma. Kilipofika kikavunja vioo, na watu karibu 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo hivyo. Sasa niambie: nani alitumia akili, aliyekimbilia dirishani au mama aliyelala chini?

Na si Urusi peke yake. Hapahapa Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalinyesha Mbale. Kijiwe kimoja kilipita kwenye majani ya mgomba, kikampiga mtoto kichwani.

Lakini na sisi tuambiane ukweli. Mwanga haujapoa, tayari sauti zinazunguka WhatsApp: eti bomu limevuka mpaka, eti mwisho wa dunia. Kuna waliofunga mizigo usiku na watoto wagonjwa mgongoni. Kujificha ni akili. Kusambaza usichokijua ni kuumiza wenzako.

Ninyi wa mashirika, zile spika za kutangaza siku ya mgao zinaweza kusema hata usiku. Dakika mbili za Kiswahili, "ni jiwe kutoka angani, si vita", na watu wangelala. Mlinyamaza, halafu asubuhi mkacheka.

Na sisi vijana, siku nyingine tulale chini kwanza, mbali na vioo. Tuhesabu sekunde mpaka kishindo, tukumbuke mwanga ulitoka upande gani ukaenda wapi. Wataalamu wa vimondo wanapokea ushuhuda wa mtu yeyote aliyeona. Hawaulizi kadi ya ukimbizi.

Mama yangu bado anatazama juu kabla ya kufunga mlango. Ambaye hajawahi kulalia watoto wake usiku wa mabomu, asimcheke.