Angekuwa kijana wa jirani?

Mzazi mwenzangu, kama binti yako anapenda Twilight, kaa naye muitazame. Edward huingia chumbani kwa Bella usiku na kumwangalia akiwa amelala, mwenyewe hana habari. Katika kitabu cha tatu, Eclipse cha 2007, anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kwa Jacob. Hadithini hayo yanaitwa mapenzi. (Na watoto wa kiume wanaangalia pia, tusisahau.)

Huku mtaani, kijana anayedai namba ya siri ya simu ya mwenzake na kupiga kila saa, "Uko wapi? Na nani?", naye husema anapenda.

Usianze kwa kufoka. Muulize tu: Edward angekuwa kijana wa jirani, ungelala dirisha wazi?