Doa Jeusi Wayoni Si la Kupuuzwa

Ni lini mara ya mwisho ulipotazama nyayo zako? Wengi wetu huoga, tukajipaka mafuta, tukavaa soksi na kukimbilia matatu bila kugeuza mguu tuone kilichoko chini.

Nauliza kwa sababu watu weusi wengi hudhani kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli jua huwadhuru zaidi Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino. Lakini iko kansa kali iitwayo melanoma, inayoanzia katika chembechembe zinazoipa ngozi rangi. Kwetu sisi weusi, mara nyingi hutokea mahali jua lisipofika: wayoni, kiganjani na chini ya kucha.

Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka wa 1977. Awali ilidhaniwa ni jeraha la kandanda. Aliposhauriwa kidole kikatwe, alikataa. Maradhi yalienea hadi ubongoni, akafariki Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Utaitambuaje? Shuku doa lenye pande zisizolingana, kingo zisizo sawa, rangi zaidi ya moja, au linalozidi kukua. Shuku pia kidonda cha wayo kisichopona. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Cha kushuku ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kumwaga weusi hadi kwenye ngozi. Aliye na jamaa wa karibu aliyewahi kuugua melanoma awe mwangalifu zaidi.

Usilikwangue doa kwa wembe wala kulichoma kwa dawa za mitaani. Nenda hospitalini, daktari akate kipande kipimwe maabarani. Ikithibitishwa, doa huondolewa pamoja na sehemu ya ngozi inayolizunguka, na huenda tezi za karibu zikachunguzwa. Ikiwahiwa mapema, upasuaji pekee mara nyingi hutosha. Ikishaenea, ziko dawa za kuamsha kinga ya mwili, lakini ni ghali mno, tena hazimfai kila mgonjwa.

Basi leo Jumapili, kabla ya kuvaa viatu, geuza mguu uutazame. Na kama nyumbani yuko nyanya au babu asiyeweza kuinama, mtazamie wewe. Huenda macho yako yakamwokoa.