"Na" Iliyokata Nchi

Mwanafunzi akiulizwa Kenya ilikuwa nini kabla ya Desemba 1963, hujibu upesi kwamba ilikuwa koloni la Mwingereza. Jibu hilo ni sahihi kwa Machakos na Nyeri; kwa Kombani, barabara ya Kwale inapoachana na ile ya Lunga Lunga, si sahihi. Tangu 1920 nchi iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya, nami, ambaye kazi yangu ni kuchambua lugha, naona kwamba kiunganishi hicho kilikuwa mpaka kamili. Koloni lilikuwa bara. Himaya ilikuwa ukanda wa maili kumi za baharini, yaani kilomita 18.5 hivi, kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu: milki ya Sultani wa Zanzibar, iliyoendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895.

Kipimo hicho kilitoka Ulaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliafikiana kwamba milki ya Sultani ikome maili kumi kutoka pwani. Kaskazini zaidi wakamwachia vipande tu, yaani Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu, kila mji na duara lake la maili kumi, na Warsheikh maili tano. Wajerumani nao walikuwa na Witu, kipande kilichotengwa mbali na eneo lao la kusini, hadi walipokiacha mwaka 1890.

Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua, na ukanda ukaingia Kenya. Barua hizo zililinda mahakama za kadhi na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Hapo ndipo penye donda. Sheria ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi katika ukanda alete dai lake. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wadigo wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, hawakuwa na karatasi yoyote. Hati zililindwa, wasio na hati wakawa maskwota katika mashamba ya babu zao.

Ndiyo maana wito wa "Pwani si Kenya" ulipata masikio. Baraza lililoupigia debe, MRC, lilipigwa marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2012. Kisheria, naona barua za 1963 zilikwisha kuifuta ile "na". Lakini anayewajibu vijana wa Kwale kwa barua hizo peke yake, bila kuitaja sheria ya 1908, hajawajibu walichouliza.