Umeme wa Timboroa, Baina ya Khofu na Tumaini



Wapenzi wasomaji, wiki hii nimeletewa suali na mama mmoja wa hapa kwetu pwani. Mwanawe anasoma Eldoret, na tangu mvua za masika zianze amenunua kamera iliyotumika. Siku za mapumziko hufuatana na rafikiye hadi kwao Timboroa, na usiku wawili hao husimama uwanjani kupiga picha za umeme. Mama anauliza: je, picha hizo zina ubaya katika dini? Na je, amkataze?

Suali la kwanza jibu lake ni jepesi. Ikhtilafu ya wanavyuoni juu ya picha iko katika viumbe vyenye roho. Umeme, milima na mawingu havimo. Bali Qur'ani Tukufu ina sura nzima, ya 13, iliyopewa jina la radi, na humo umeme umetajwa kuwa ni ishara ya kutia khofu na tumaini kwa pamoja. Mambo hayo mawili ndiyo yatakayotupa jibu la suali la pili.

Tuanze na khofu. Bi Aisha, Allah amuwie radhi, amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipoona wingu zito, uso wake ulibadilika, akawa atoka na kuingia mpaka mvua inyeshe ndipo atulie. Basi mama anayeogopa wingu hana lawama.

Tena Timboroa si Mombasa wala Lamu. Ni mji mdogo katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kituo chake cha reli kilisifika zamani kuwa cha juu kuliko vyote katika himaya ya Uingereza. Hewa yenye unyevu ikipanda nyanda hizo hupoa, mawingu marefu hujengeka alasiri, na ngurumo huweza kuendelea hadi usiku. Radi huipasha hewa joto la kadiri ya nyuzi 30,000 za Selsiasi, na yaweza kupiga kilomita 10 mbali na pale mvua inaponyesha. Jirani zetu wa Uganda hawajasahau Juni 2011, radi ilipowaua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Paa peke yake si kinga. Linalokinga ni jengo imara lenye nyaya na mabomba yaliyoshuka ardhini, au gari la bati lililofungwa vioo. Kibanda, kivuli cha mti, ua wa seng'enge, reli na pikipiki, vyote hivyo ni vya kuepukwa.

Kipimo chake ni hiki. Uonapo umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa tumaini. Anayeanza hudhani kazi ni kubonyeza pale aonapo umeme. Hawahi kamwe, kwani umeme huzimika kabla ya kidole kutii. Mwenye kujua hutangulia. Huiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lililofungwa, taa za chumba zimezimwa na lenzi imekaribia kioo. Huzima mtambo wa kujilenga wenyewe, akailenga lenzi mbali kwa mkono. Huweka ISO 100 au 200, tundu la lenzi f/8, na kuiacha kamera ikipokea nuru kwa sekunde 15 hadi 30, akitumia saa ya kuchelewesha ili kidole kisiitikise. Kisha hurudia, na kurudia tena. Picha nyingi zitatoka giza tupu. Umeme ukipita wakati jicho la kamera li wazi, utajichora wenyewe. Mwenye simu tu na arikodi video kutoka dirishani, kisha aisimamishe pale umeme ulipotokea.

Mafunzo hayo ni makubwa kwa kijana. Anajifunza kujiandaa kabla ya jambo na kusubiri bila kukata tamaa, na kwamba kinachomjia hakukileta yeye. Vijana wangapi leo hukesha juu ya simu wasijifunze hata moja katika hayo?

Kwa hiyo, ewe mama, rai yangu ni usimkataze, bali mwekee masharti. Picha zipigwe kutoka ndani, uwanjani asisimame kabisa. Akujulishe yuko nyumba ya nani na amefuatana na nani. Sala isimpite, wala masomo yasiharibike. Na mwambie kila picha njema akutumie, nawe uitazame na kumsabihi Aliyeumba, ili afahamu kuwa khofu yako haikuwa chuki ya akipendacho.

Allah awahifadhi watoto wetu popote walipo, na aijaalie mvua yetu kuwa ya rehema. Wabillahi tawfiq.